Katriji ya mikisa ya bafuni: niliibadilisha mara mbili kabla ya kugundua tatizo liko wapi

Tone_kwa_Tone (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Naandika uzi huu nikiwa bado nakumbuka kila hatua. Nilipokuwa natafuta msaada, karibu kila niliyemuuliza alinijibu kwa maneno matano: funga maji, toa, weka mpya. Ni kweli kazi si ngumu, ila jibu hilo linaruka sehemu iliyonisumbua wiki tatu nzima.

Bafu letu lina mikisa, yaani koki ya kuchanganya maji ya moto na baridi, ya mkono mmoja, ile ya kuinua maji yatoke, kushoto moto, kulia baridi. Ilianza kudondosha. Mwanzoni sikushtuka, kwa sababu kichwa cha shawa hubaki na maji ndani hata ukifunga, na yale maji hudondoka dakika kadhaa mpaka yaishe. Huo si uvujaji. Lakini ukiamka alfajiri, hakuna aliyeoga tangu usiku, na bado unasikia to, to, to, hapo una kazi ya kufanya.

Nikaweka ndoo nijue ukubwa wa tatizo. Tone moja kila sekunde linaonekana dogo, lakini siku ina sekunde 86,400. Ukikadiria tone kuwa robo ya mililita, unapata zaidi ya lita 21 kwa siku moja. Na kama yanayovuja ni ya upande wa moto, umeyalipia na umeme wa kuyachemsha.

Kwa asiyejua, katriji ni kile kipande cha ndani, chini ya mkono wa mikisa, kinachofungua, kufunga na kuchanganya maji. Ndani yake kuna visahani viwili vya kauri vilivyosuguliwa vikawa laini kiasi kwamba vikilaliana maji hayapiti katikati yao. Cha chini hakisogei na kina matundu. Cha juu kinafuata mkono wako, kikiyafunika au kuyafunua yale matundu. Hakuna mpira unaokandamizwa kama kwenye koki za zamani za kuzungusha. Ndiyo maana kukandamiza mkono wa mikisa kwa nguvu hakuzuii tone. Mimi nilikandamiza siku nyingi, na pengine niliharakisha uchakavu.

Nikafunga maji, nikatoa katriji, nikaenda nayo dukani, nikapata inayofanana, nikafunga. Siku mbili kukavu. Siku ya tatu, to, to, to. Nikaamini nimeuziwa mbovu, nikanunua nyingine. Hiyo ikavuja siku ileile, safari hii hadi chini ya mkono.

Mara ya tatu ndipo nikachukua tochi na kuangalia ndani ya shimo la mikisa badala ya kuangalia katriji. Kwenye sakafu ya shimo, pale maji ya moto yanapoingilia, palikuwa na kipete cha mpira mweusi. Kilikuwa cha katriji ya kwanza kabisa. Kilikauka, kikaganda kwenye shaba na kubaki pale nilipoivuta. Katriji zote mbili mpya nilizikalisha juu yake, zikawa zimeinama kidogo upande mmoja. Pembeni palikuwa na ukoko wa chokaa, mgumu kama ule wa ndani ya birika la siku nyingi.

Nikakiondoa kile kipete kwa kijiti cha mbao. Nikalowesha ule ukoko kwa siki, nikausugua kwa mswaki wa zamani, nikasuuza. Kisha nikarudisha katriji mpya ya kwanza, ile niliyosema mbovu. Leo ni siku ya 19, hakuna hata tone.

Basi nawaomba mnaotaka kufanya kazi hii: muda mwingi upeni usafi wa shimo. Kubadilisha katriji yenyewe ni dakika kumi.

Nilivyofanya mara ya mwisho ni hivi. Nilizima hita kwanza, nikafunga valvu ya maji, kisha nikafungua mikisa mpaka maji yakaisha. Usiamini valvu mpaka uone maji yamekata, kwa sababu valvu za siku nyingi hazifungi vizuri. Nikaziba tundu la maji machafu kwa kitambaa. Skrubu ya mkono ni ndogo mno, na ikitumbukia humo huipati tena.

Skrubu yenyewe imejificha nyuma ya kile kifuniko kidogo chenye alama nyekundu na bluu. Kinatoka kwa ncha ya kisu. Chini yake kuna tundu la ufunguo wa Allen, ule wa pembe sita, wangu ulikuwa milimita 2.5. Mkono ukitoka unaona kofia ya chuma inayong'aa, hiyo unaizungusha kwa mikono, na ikigoma ivishe kitambaa kabla ya koleo. Chini ya kofia kuna nati kubwa, ndiyo iliyoshikilia katriji.

Piga picha kabla hujavuta chochote. Katriji ina vipini viwili chini ambavyo lazima viingie kwenye vitundu vyake, na ukiikalisha vibaya nati itakaza lakini maji yatavuja.

Shimo likishakuwa safi, usiharakishe kuweka mpya. Weka kitambaa au kikombe juu ya shimo, mtu afungue valvu kidogo sana kwa sekunde moja au mbili, maji yatoe mchanga na vipande vya chokaa ulivyovibandua. Punje moja ya mchanga ikiingia kati ya vile visahani inachora mstari, na maji yataufuata mstari huo kila siku.

Nati kaza kwa mkono hadi igome, kisha spana kidogo tu. Ukizidisha, mkono wa mikisa unakuwa mgumu kusogea. Ukilegeza, maji yanatokea chini ya mkono.

Mwenye swali aulize, na mafundi wanirekebishe pale nilipokosea.

Mama_wa_Pacha

Asante sana kaka Tone_kwa_Tone, umeeleza hadi mtu anaona. Mimi yangu haidondoshi. Shida yangu ni kwamba maji ya moto ya nyumba nzima yamekuwa vuguvugu, hata kwenye sinki la jikoni. Fundi alikuja akasema hita imekufa, tununue nyingine. Lakini hita nikiigusa bomba lake la kutokea ni la moto kabisa. Inaweza kuwa ni hiyo katriji? Na kama ndiyo, nitajuaje ya kununua? Dukani zote zinafanana.

TochiNaSpana

Dada Mama_wa_Pacha, usinunue hita bado. Mimi ni fundi bomba, hii nimekutana nayo mara nyingi.

Ndani ya mikisa, bomba la moto na la baridi yanakutana mahali pamoja. Katriji ndiyo ukuta kati yao. Mipira ya chini, vile vipete vinavyoziba kati ya katriji na sakafu ya shimo, ikichoka, maji ya baridi yanaweza kupenya na kuingia kwenye bomba la moto hata kama mikisa imefungwa. Basi ukifungua moto jikoni unapata mchanganyiko: kidogo kutoka kwenye hita, kidogo baridi iliyozunguka kupitia bafuni. Hita inafanya kazi yake, mwizi yuko kwingine.

Jipime hivi. Zima umeme wa hita. Funga valvu ya maji ya baridi yanayoingia kwenye hita. Kisha fungua upande wa moto pekee kwenye sinki la jikoni. Kwa kuwa hakuna kinachosukuma maji kutoka kwenye hita, maji yanatakiwa kupungua na kukata baada ya muda mfupi. Yakiendelea kutoka kwa kasi, ujue yanapita kwenye mikisa fulani humo ndani. Yaache yakitoka, nenda ukafunge valvu ndogo za mikisa moja baada ya nyingine. Ile utakayoifunga maji ya jikoni yakakata, ndiyo hiyo.

Kabla ya yote angalia jambo moja. Kuna mahali una kichwa cha shawa cha mkononi chenye kitufe cha kuzuia maji? Watu wengi wanazuia kwa kitufe na kuiacha mikisa yenyewe wazi. Hapo moto na baridi vimeunganishwa saa 24, na katriji haina kosa lolote. Funga mikisa, siyo kitufe.

Mwanzisha uzi, kazi yako ni nzuri. Hicho kipete kilichobaki ndani hata sisi mafundi kimetuaibisha. Mimi siku hizi kabla ya kuweka mpya naihesabu mipira ya ile ya zamani. Ikiwa na nafasi tatu na mipira miwili, wa tatu uko shimoni.

TochiNaSpana

Swali la kununua sikulijibu. Nenda na ya zamani mkononi, hilo halina mbadala. Kama nyumba haiwezi kukaa bila maji, irudishe ile mbovu kwanza, pima na upige picha, ukanunue kwa nafasi yako.

Zinazotumika sana kwenye mikisa ya mkono mmoja ni za kipenyo cha milimita 35 na milimita 40. Tofauti ya milimita 5 jicho linaweza kuikosa ukiwa dukani. Lakini kipenyo peke yake hakitoshi. Linganisha kimo, umbo na unene wa ule mti wa juu unaoshika mkono, nafasi ya vipini vya chini, na sehemu ya chini yenyewe. Kuna zenye kitako bapa na zenye kitako kilichoinuka. Ukiweka yenye kitako bapa mahali pa ile iliyoinuka, kofia itafunga vizuri tu na kila kitu kitaonekana sawa, ila mipira haitagusa sakafu ya shimo. Kampuni nyingine zina katriji zao zisizoingiliana na za wengine kabisa, hapo tafuta namba iliyochapwa pembeni.

Koleo_la_Babu

Shikamooni wakubwa. Mimi yangu ni ya mikono miwili, moto na baridi kila moja na yake, mzunguko wa robo tu. Nayo ina katriji? Na imeganda, nimevuta hadi nimeogopa kubomoa ukuta.

TochiNaSpana

Marahaba. Ndiyo, nazo zina visahani vya kauri, ila kila upande una katriji yake ndogo inayoingia kwa uzi, ile mistari ya kuzungushia, kama nati. Hizo hazivutwi, zinafunguliwa kwa spana kinyume cha saa. Huenda ndiyo maana imegoma, umekuwa ukivuta kitu cha kuzungusha.

Mambo mawili ya kuangalia unaponunua. Kwanza, hesabu meno ya ule mti wa juu, mara nyingi ni 20 au 24, na mkono wenye meno tofauti hautakaa. Pili, mwelekeo. Nyingi za aina hiyo huuzwa kwa upande, moja inafunguka kwa kuzungusha kulia na nyingine kushoto. Ukikosea inafanya kazi, lakini mikono yako itafunguka kwa kufuatana badala ya kuelekeana, na mtu atafungua akidhani anafunga.

Na ikiwa ni ya kuvuta kweli imeganda: tazama kwanza kama hakuna kibanio. Kuna mikisa ambazo katriji yake inashikiliwa na kibanio cha chuma chenye umbo la U, kimepita juu kama sindano. Usipokitoa, unaweza kuvuta mpaka kesho. Kikishatoka, zungushia kitambaa kilicholoweshwa siki, kiache saa moja au mbili, kisha izungushe katriji kidogo kushoto na kulia kabla ya kuvuta. Lengo ni kuvunja chokaa iliyoishika pembeni. Kuna pia kivutio maalumu, kifaa chenye skrubu ya katikati, kinachoitoa taratibu. Usichokonoe kwa bisibisi kati ya katriji na shaba. Mchubuko mmoja ukutani mwa shimo na hakuna mpira utakaoziba tena, utabadilisha mikisa nzima.

Ndoo_Nyekundu

Naongezea kwenye siki, maana watu wana haraka. Usiichanganye na dawa ya klorini ya kusafishia bafu, hata kama ni mabaki tu yaliyopo sakafuni. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo kisicho na hewa. Suuza bafu vizuri kabla hujamimina siki. Na isikae muda mrefu kwenye ile rangi ya kung'aa ya mikisa, itaipausha.

Swali langu: mipira unaipaka nini? Mimi huweka mafuta ya kujipaka, yale ya mgando, inateleza vizuri sana.

TochiNaSpana

Ndugu yangu, acha hayo mafuta. Mipira mingi myeusi ya mabomba ni ya aina iitwayo EPDM, na mafuta yanayotokana na petroli huuvimbisha na kuulainisha. Siku ya kwanza unafurahia ulaini, baada ya miezi mpira umetanuka umetoka kwenye mfereji wake. Mafuta ya kupikia nayo yanaganda na kunata. Tumia grisi ya silikoni, ile iliyoandikwa kuwa inafaa kwa maji ya kunywa, kidogo sana kwenye mipira ya nje. Kati ya visahani vya kauri usiguse, vimeshapakwa kiwandani.

Na tepu nyeupe ya mabomba msiizungushe kwenye nati ya katriji. Tepu inaziba pale uzi ndio unaozuia maji. Hapa wanaozuia ni mipira ya chini, nati kazi yake ni kushikilia tu. Ukiona unahitaji tepu ili pasivuje, katriji haijakaa.

Mjukuu_wa_Fundi

Jambo la pembeni kidogo, lakini linahusu kwa nini kifaa hiki kipo. Mwaka 1937 huko Marekani mwanafunzi mmoja wa chuo, Al Moen, alifungua koki ya mikono miwili anawe mikono, maji yakatoka ya moto ghafla yakamuunguza. Akaanza kuchora koki ya mkono mmoja ambayo ingempa mtu maji ya joto analotaka. Ilimchukua miaka, hadi 1947 ndipo ya kwanza zikauzwa.

Naitaja kwa sababu ya watoto na wazee. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi vibaya ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo ukimaliza kufunga katriji mpya, jaribu kwa mkono wako kwanza kabla mtoto hajaingia. Kuna zile ambazo ukiiweka imegeuka nusu mzunguko, moto na baridi vinabadilishana pande. Mtu aliyezoea kulia ni baridi atazungusha kulia bila kufikiri.

Kama mikisa yenu ni ya kupima joto yenyewe, ile yenye alama ya 38 na kitufe cha kuzuia usipite hapo, ndani ina kapsuli ya nta inayotanuka ikipata joto na kusukuma pistoni. Hiyo ukibadilisha katriji lazima uiseti upya kwa kipimajoto: tafuta maji ya nyuzi 38 kamili, ndipo uvalishe mkono alama ikiwa kwenye 38. Ukivalisha mkono popote, namba iliyoandikwa haina maana yoyote.

Tone_kwa_Tone

Nimejifunza mengi kuliko niliyoandika, nashukuru. Niongeze nilivyojaribu mwishoni. Nilifungua kichwa cha shawa na kukiweka pembeni, mikisa nikaiacha wazi katikati, ndipo nikafungua valvu taratibu. Hewa na uchafu uliobaki ukatokea huko badala ya kuziba vitundu vya shawa. Nikaacha dakika mbili hivi, nikafunga. Halafu nikafuta pote kukauka, nikazungushia karatasi laini ya chooni chini ya nati kabla ya kurudisha kofia, nikaondoka. Baada ya saa moja karatasi ilikuwa kavu. Karatasi inaonyesha unyevu ambao kidole hakiusikii.

Koleo_la_Babu

Nimezungusha badala ya kuvuta. Imetoka kwa nguvu ya kawaida kabisa. Meno ni 20. Nashukuru sana mzee wangu TochiNaSpana.

Mama_wa_Pacha

Narudi na majibu. Nimefanya kama nilivyoelekezwa, hita imezimwa, valvu ya baridi ya hita imefungwa, moto wa jikoni uko wazi. Maji yaliendelea kutoka kwa nguvu kama kawaida. Nikafunga valvu za bafu la wageni, hakuna mabadiliko. Nikafunga za bafu la watoto, ya jikoni yakakata palepale.

Na haikuwa kitufe, shawa yao haina. Nimefungua mkono wa mikisa na kofia mwenyewe, nimepiga picha, nimetoa katriji. Kipenyo ni milimita 35, kitako kimeinuka, nafasi za mipira ni tatu. Mipira niliyoikuta ni miwili na nusu. Nimechukua tochi, ile nusu iko ndani, upande wa moto, na chokaa imeifunika. Siki iko juu yake sasa hivi, kesho asubuhi naenda dukani na ya zamani mkononi. Hita haitanunuliwa.

TochiNaSpana

Vizuri sana dada. Kabla ya kuweka mpya, usisahau kufungua valvu kidogo uoshe shimo. Pande zote mbili, moto na baridi, kwa zamu.